Watoto wa Kuazima

Watoto wanene niliwachagua mimi. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye, kila kisa hiki kiliposimuliwa Manika, mtaa wetu wa Kolwezi, kila mtu alipata wa kumtupia lawama: prezidanti wa kikundi chetu, parokia, serikali, hata mvua. Lakini mimi ndiye niliyezunguka mtaani asubuhi ile nikibonyeza mashavu ya watoto wa watu kama mnunuzi wa nyanya sokoni, nikisema huyu anafaa, huyu hapana. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, sikuwa na mtoto wangu bado, nilikuwa na mdomo mwingi kuliko akili, na nilidhani ninaokoa kituo.

Kituo chenyewe kilikuwa nyumba ya matofali mekundu nyuma ya kanisa, vyumba viwili na baraza. Masista wa parokia ndio waliokianzisha kwa ajili ya watoto wa bwaki. Bwaki humpata mtoto aliyeachishwa ziwa akabaki kulishwa bukari tupu, ugali bila kitoweo: miguu inavimba, uso unajaa maji, nywele zinageuka rangi ya kutu, na mtoto anakaa tu, hataki kucheza wala kucheka. Dawa yake si sindano. Dawa yake ni uji wa mahindi uliochanganywa na karanga, maharagwe, maziwa, na ndakala, wale samaki wadogo wakavu, waliotwangwa mpaka wakawa vumbi. Mama alikuja na mtoto wake asubuhi, akapika mwenyewe, akajifunza, akarudi nyumbani jioni.

Kazi yangu ilikuwa mizani. Kila Jumatatu niliwaning'iniza watoto mmoja mmoja kwenye boriti ya baraza, wakapiga kelele za kuchinjwa, nikaandika uzito kwenye kadi. Kila kadi ilikuwa na jina la mama juu na la mtoto chini. Masista walinifundisha kusoma mizani ile, na walinifundisha jambo moja ambalo sikulisahau: mtoto wa bwaki akianza kupona, kwanza uzito wake unashuka. Maji yanatoka mwilini. Mama anamwona mtoto amekonda ghafla, anaanza kulia kwamba tunamuua. Kumbe ni hapo hasa ndipo mtoto anapohitaji chakula kuliko siku zote, ili nyama ishike mahali pa maji. Chakula kikikatika hapo, basi tena.

Kisha siasa ikabadilika. Tukatangaziwa kwamba kazi za namna yetu, za vijana na za kina mama, zitoke mikononi mwa makanisa na ziwe chini ya serikali na chama. Masista walikabidhi funguo asubuhi moja bila hotuba. Mkubwa wao aliniambia tu nisisahau kupaka mizani mafuta wakati wa mvua, akaondoka upesi, na mimi nikajua kwa nini anaondoka upesi, maana nami nilikuwa natafuta mahali pa kuficha uso. Tukachagua prezidanti, mke wa karani, mama mwenye mwili na sauti, aliyejua kusema na wakubwa. Sisi wengine tulikuwa wake wa wachimbaji na mafundi wa kampuni ya migodi.

Nisiwe mwongo: mwanzoni mambo yalikuwa mazuri. Lori la serikali lilikuja kila mwezi na maziwa ya unga, maharagwe na karanga, magunia mazima yenye mihuri. Zamani tulikuwa na shamba dogo la karanga nyuma ya nyumba, tukalima wenyewe. Tukaliacha. Nani ainame juani wakati lori linakuja? Nyasi zikaota mpaka kiunoni. Mwaka haukuisha, lori likaanza kuchechemea: mwezi huu nusu mzigo, mwezi ujao halionekani kabisa. Kituo nacho kilikuwa kimevimba maji, ila wakati ule sikuwa na mizani ya kupima hilo.

Ni katika miezi hiyo alipokuja mama wa Kisenge. Kisenge iko mbali, upande wa Dilolo, mji wa manganese. Vita vya ng'ambo ya mpaka vilikuwa vimekata njia ya treni ya kwenda baharini, na yale mawe meusi yakawa yanarundikana kando ya reli bila pa kwenda. Mume wake, pamoja na wengi wengine, aliambiwa akae nyumbani asubiri. Akasubiri. Mke akasubiri naye, mpaka miguu ya binti yao wa miaka miwili na kitu ilipoanza kuvimba. Hapo akafunga liputa yake, kitenge cha kiunoni, akapanda treni ya huku, akafikia kwa shemeji yake Manika.

"Majiwe iko mingi kule kwetu," aliniambia siku ya kwanza. "Treni ya kuibeba ndiyo haiko."

Alikuwa mwanamke wa maneno machache sana, jambo lililonisumbua, kwa kuwa mimi nikimwona mtu amenyamaza nadhani ananisema moyoni. Alimpa binti yake uji kijiko kwa kijiko, na mtoto akiutema, aliufuta na kuanza upya, bila kukasirika. Jumatatu ya tatu nilimpima yule mtoto, uzito ukawa umeshuka. Mama akanitazama.

"Ni maji," nikamwambia. "Maji inatoka. Bado kidogo utaona."

Akaniamini. Aliniamini pale pale, akarudi kwenye mbabula yake, jiko la makaa, kukoroga uji. Nilipenda kuaminiwa hivyo, na niliogopa pia.

Ndipo barua ikaja. Mkaguzi angetembelea vituo vyote vya eneo letu ili aone ni vipi vinavyostahili kuendelea kupata chakula. Prezidanti aliisoma mara mbili barazani, tukakaa kulitafuna neno lile, kustahili. Leo naona lingeweza kuwa na maana nyingi. Siku ile sote tulikuwa na maana moja tu. Tuliishi katika nchi ambayo mkubwa akija, mji unafagiliwa, nyasi zinakatwa, kina mama wanavaa liputa za namna moja na kucheza animasio, ngoma za kusifu chama, mpaka jasho liwatoke. Sikuwahi hata siku moja kuona mkubwa akionyeshwa shida. Hata nyumbani ni hivyo. Mgeni unamvutia kiti kizima, humpeleki chumbani kumwonyesha godoro lililochanika.

"Akiona hawa batoto na miguu ya kuvimba," prezidanti akasema, "atasema hatutumike. Atasema chakula tunakula shiye."

Hofu ile, ya kuitwa wavivu na wezi wa chakula cha watoto, haikuwa ya kijinga. Wote tuliijua.

"Basi tuazime wazima," nikasema.

Watu wakacheka. Kisha wakaacha kucheka, mmoja baada ya mwingine, wakanitazama, na nikaona kwamba nimesema jambo la maana. Roho yangu ikafurahi. Ndivyo nilivyokuwa.

Tulipanga kila kitu vizuri. Mkaguzi angeita mama kwa jina lililo kwenye kadi, kwa hiyo kina mama wa kituo wangebaki, ila kila mmoja angepakata mtoto mnene wa mtaani. Mama wa yule mtoto mnene angekuwa upande wa pili wa uwanja, akicheza animasio. Niliandika kadi mpya, zenye uzito unaopanda wiki hadi wiki kama ngazi za ofisi. Kadi za kweli nilizifungia kwenye kopo la biskuti. Na watoto wa bwaki tuliwavusha barabara, tukawaficha kwa mke wa mwenye malori.

Huyu alikuwa Mwislamu, wa ukoo uliotoka mashariki zamani. Mume wake na ndugu zake walikuwa wakisafirisha mizigo, na malori yao ndiyo yaliyoleta ndakala kutoka ziwani. Alikuwa mtu mzima kuliko sisi, mwenye kitambaa kichwani kila saa na duka mbele ya nyumba. Alitupokea, akawatandikia watoto mikeka, hakukataa. Lakini aliniangalia kwa jicho ambalo nililihisi mgongoni mpaka nilipofika upande wa pili wa barabara.

Mama wa Kisenge nilimpa mtoto wa miezi kumi na minane, mnene kuliko wote, mwenye mikunjo mpaka kwenye vifundo vya mikono. Alimpokea. Alimshika kama mtu anavyoshika chungu cha jirani.

Mkaguzi, ambaye kwa desturi ya chama tulipaswa kumwita Citoyen, yaani mwananchi, alifika saa nne, katika abakosti ya kijivu, suti ile isiyo na tai, na katibu mmoja mwenye daftari. Animasio ikapigwa kweli kweli, vumbi likapanda. Aliketi, akanywa soda, akatembelea vyumba, akasifu usafi. Kisha akaanza kuita majina. Mama alisimama, akaonyesha mtoto, mimi nikasoma kadi. Alipofika kwa mama wa Kisenge, yule mtoto mnene alikuwa ameshamwona mama yake katika safu ya wachezaji. Akanyoosha mikono yote miwili kuelekea kule, akalia kwa sauti ya kupasua masikio. Mama yake kule akakosa hatua, akaendelea kucheza akiwa amegeuza uso.

Mkaguzi akamtazama mtoto, akawatazama wachezaji, akamtazama mama wa Kisenge.

"Huyu mutoto, ni wako?"

Mama wa Kisenge aliangalia ng'ambo ya barabara, kwenye mlango uliofungwa wa yule mama Mwislamu. Nikadhani hatajibu.

"Ndiyo, Citoyen," akasema.

Nimefanya mambo mengi ya aibu maishani, na mengine nimeyasahau. Hilo la kumfanya mama akane mtoto wake mbele ya watu halijasahaulika.

Jibu lilikuja baada ya wiki tatu. Prezidanti alilisoma barazani kwa sauti yake ya mikutano. Barua ilitusifu: usafi, nidhamu, watoto wenye afya njema. Tukapiga vigelegele. Mmoja akaanza kuimba. Prezidanti akanyoosha mkono tunyamaze, akasoma sehemu iliyobaki, na sauti yake ikapungua neno kwa neno. Kwa kuwa watoto wa kituo hiki ni wazima, chakula kitaelekezwa kwenye vituo vyenye shida. Alimaliza, akaikunja barua mara nne, mpaka ikawa ndogo kama kipande cha sabuni. Vigelegele vyetu vilikuwa bado kama vinaning'inia pale barazani na mizani.

Yule mama Mwislamu alivuka barabara aliposikia. Hakukaa kitini.

"Benye njala mulificha kwangu," akasema, "benye kushiba mukaonyesha. Sasa munashangaa nini?"

Nilitaka kumjibu. Badala yake nikaingia ndani kuhesabu magunia.

Tulibaki na gunia moja la maharagwe na maziwa ya siku chache. Watoto walikuwa kumi na wawili. Binti wa Kisenge alikuwa amemaliza kutoa maji: miguu imekuwa miembamba, uso umebaki macho. Kina mama wa mtaani waliomwona walisema ameharibika, afadhali alipokuwa amevimba. Mimi nilijua kwamba yuko pale pale masista waliponionyesha, kwenye ukingo, na kwamba akikosa uji wa kweli kwa wiki mbili tatu, mizani yangu haitakuwa na kazi naye tena. Mama yake alijua pia, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha. Kila asubuhi aliniuliza swali moja tu: "Leo iko?" Nikajibu, "Iko." Na kila asubuhi kijiko kiligonga karibu zaidi na chini ya sufuria.

Wazo la poso halikuwa akili yangu, lilikuwa la mama yangu mzazi, ingawa mwenyewe hakujua. Poso ni chakula ambacho kampuni iliwapa wafanyakazi wake, unga hasa. Siku ya poso kina mama walipanga mstari na kadi na mifuko, wakapimiwa, wakabeba kichwani. Mama yangu, tangu nikiwa mdogo, hakufika nyumbani na mfuko mzima. Njiani alipitia kwa jirani aliyefiwa na mume, aliyenyang'anywa kadi siku ya mazishi, akammiminia kopo moja. Hakuwa peke yake. Mtaa mzima ulikuwa hivyo, kila aliyepata poso alikuwa na kopo lake la jirani, na hakuna aliyeliita msaada. Ukiliacha, watu walikuuliza kama unaumwa.

Basi siku ya poso nikasimama kwenye mlango wa magazini, ghala la kampuni, na gunia tupu, mama wa Kisenge kando yangu na mtoto mgongoni. Mama wa kwanza akatoka. Nikamwambia, "Kopo ya jirani, mama, ya batoto ya kituo." Akatua mfuko, akamimina. Wa pili akamimina. Wa tatu akauliza mtoto ana nini, akamimina makopo mawili. Ilikuwa rahisi mno, nikaanza kucheka peke yangu.

Mlinzi akaja.

"Mukanda yenu iko wapi?"

Mukanda ni barua, na sisi hatukuwa na karatasi yoyote. Enzi za masista hakuna aliyeuliza. Sasa kikundi cha watu wanaokusanya kitu hadharani bila kibali kilikuwa jambo baya, na mlinzi naye alikuwa na wakubwa wake. Alitusukuma nje ya uzio, akabaki na gunia. Nilimtukana ukoo wake wote. Haikusaidia.

Nikaenda moja kwa moja kwa prezidanti nikiwa na unga kwenye viatu, nikamwambia twende ofisini kwa mkaguzi, tuseme ukweli, tuombe kibali.

"Tumwambie tulimudanganya?" akasema. "Mutu ya serikali? Unataka banifunge miye?"

"Bafunge shiye bakubwa. Batoto bale bakule!"

Nilimwambia na mengine, kuhusu mwili wake na sufuria zake, ambayo sitayaandika. Alikaa akinitazama, machozi yamemjaa. Alikuwa na watoto sita na mume karani aliyeweza kupoteza kazi kwa neno moja. Niliona hilo baadaye. Siku ile niliona woga tu, nikatoka nikibamiza mlango.

Asubuhi iliyofuata tulikwenda wawili, mimi na kopo langu la biskuti chini ya kwapa, mama wa Kisenge na binti yake mgongoni. Tulisubiri kwenye korido mpaka kivuli cha dirisha kikahama ukuta mmoja hadi mwingine. Mkaguzi alikuwa ndani, peke yake, mbele ya mashine ya kuandikia, na abakosti ile ile. Kwa karibu ilikuwa imeshonwa upya kwenye viwiko.

Nilikuwa nimejiandalia hotuba. Ikanitoka kichwani yote. Nikafungua kopo, nikamwaga kadi za kweli mezani, nikamchukua mtoto mgongoni kwa mama yake, nikamketisha juu ya karatasi zake.

"Huyu ndiye mutoto yake," nikasema. "Ule mwingine tuliazima. Bote tuliazima. Miye ndiye niliandika kadi ya bongo, ya kweli ndiyo hii."

Mtoto akashika ncha ya ukanda wa mashine ya kuandikia, akauangalia. Mkaguzi akamwangalia mtoto.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Ule mutoto alililia mama yake mu animasio. Miye niko baba ya batoto saba. Najua namna mutoto analiliaka mama yake."

Nikasahau niko ofisini kwa nani. "Kama ulijua, juu ya nini uliandika vile?"

"Na weye, juu ya nini uliandika kadi?" Hakupandisha sauti. "Shiye bote tuliandika bile bakubwa banapenda kusoma. Na nikuambie kitu, mama. Hata ningeandika ukweli, dépôt ya chakula kule Lubumbashi haina kitu. Ile lori haitakuya kwenu, haitakuya ku bingine bituo."

Nikakaa chini bila kukaribishwa. Nilikuwa nimekuja kuungama dhambi, kumbe padri naye alikuwa na ile ile. Na chakula chenyewe, kile tulichokipoteza kwa ujanja wangu, hakikuwapo. Sikujua nifurahi au nilie. Kwa kweli nililia.

Ndipo mama wa Kisenge akasema. Hakuwa ameulizwa.

"Citoyen, hatukukuya kulomba chakula," akasema. "Tulikuya kulomba mulango."

"Mulango gani?"

Akamweleza. Alimweleza mlango wa magazini ya poso, mstari wa kina mama, kopo la jirani, mlinzi, gunia lililobaki ndani. Sikujua ana maneno yote yale. Mkaguzi alimsikiliza, akamwinua mtoto taratibu kutoka kwenye karatasi, akamrudishia mama yake. Akavuta karatasi nyeupe, akaitia kwenye mashine, akaandika kibali mwenyewe kwa vidole viwili. Kisha akagonga muhuri, akautazama, akagonga wa pili.

"Rapport siwezi kubadilisha, iko kule yulu kwa bakubwa," akasema. "Hii naweza."

Siku ya poso nyingine ilikuwa mbali bado. Jioni ile ile nilimkuta yule mama Mwislamu barazani kwetu na beseni la ndakala zilizotwangwa, zimefunikwa kitambaa.

"Bwana yangu hatumikake ku kampuni," akasema. "Shiye hatuna poso. Kopo tuko nayo."

Nikamwomba msamaha kwa ile siku ya watoto. Akaniambia niache maneno, nitafute chombo cha kumiminia, beseni ni la harusi yake. Kesho yake mama mmoja wa Kiprotestanti akaleta karanga. Nikachukua jembe nikaingia kwenye nyasi nyuma ya nyumba, na nilipoinua kichwa kina mama wanne walikuwa wameinama kando yangu, wakinisema kwa namna ninavyolima vibaya.

Siku ya poso ilipofika, mlinzi alisoma karatasi yetu mbele na nyuma, akaenda nayo ndani, akarudi nayo, akasema kwa ukali kwamba tusizuie njia. Alituletea na gunia letu. Kina mama wakaanza kutoka. Nilishika mdomo wa gunia, mama wa Kisenge akasimama mbele yangu na mtoto, safari hii akiwa amempakata kifuani ili kila mtu amwone. Hakumfunika. Wengine walisema pole, wengine walipitisha mkono kwenye nywele zile za kutu, na kopo baada ya kopo likashuka. Walikuja mpaka wa Mutoshi, mgodi wa jirani, waliosikia kwa ndugu zao. Wapo waliopita wakiangalia pembeni, na sikuwatukana, jambo ambalo mume wangu hakuliamini nilipomwambia.

Prezidanti alitoka mwisho kabisa, na mfuko kichwani. Tulikuwa hatujasemezana tangu nibamize mlango. Akatua, akamimina kopo moja, la pili, la tatu. Kisha akanipokonya mdomo wa gunia mikononi.

"Shika muzuri," akasema. "Unamwanga bunga."

Hakuondoka pale mpaka mstari ulipokwisha. Tulilibeba gunia pamoja mpaka kituoni, na njiani aliniambia kwamba mwili wangu nao si mwembamba sana.

Binti wa Kisenge alikaa wiki mbili bila uzito wake kupanda. Kila Jumatatu nilisoma mizani, nikarudia kuisoma, mama akanitazama, nikasema bado. Jumatatu ya tatu mshale ukasogea. Ulikuwa msogeo mdogo hata nikaita watu waje waangalie, nisije nikawa nimerudia kuandika uongo. Wote wakaona. Jumatatu iliyofuata akanipiga teke la tumbo nilipokuwa namning'iniza, nikamshukuru Mungu kwa teke lile.

Mkaguzi alirudi miezi mingi baadaye, karanga zetu zikiwa zimeshavunwa. Alikuja Jumatatu, bila barua na bila katibu. Hakuna aliyefagia. Barazani kulikuwa na watoto wapya wenye miguu iliyovimba, mmoja ametapika, na prezidanti alikuwa amekunja liputa mpaka magotini akisaga maharagwe. Aliinua kichwa, akamwona mkaguzi, akaendelea kusaga. Mkaguzi alisimama akatazama kila kitu. Kulikuwa na msichana mdogo uwanjani anayemfukuza kuku kwa kijiti, nywele zake nyeusi ti, ncha tu zina rangi ya kutu.

Mama wa Kisenge alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo, karibu na mlango. Mume wake alikuwa amepata kibarua hapa Kolwezi, hawakurudi tena kule kwenye mawe.

"Huyu mutoto," mkaguzi akamuuliza, "ni wako?"

Maneno ni yale yale. Sidhani kwamba aliyachagua. Mama wa Kisenge akaacha majani, akafuta mikono, akaenda uwanjani akamkamata binti yake akiwa bado anamlilia kuku, akaja naye anapiga mateke mpaka mbele ya yule mtu.

"Wangu," akasema. "Mubebe, Citoyen."

Mkaguzi akampokea kwa mikono miwili, akayumba kidogo kwa uzito.